Maandishi Yaleyale, Kila Kioo na Sura Yake

Tuseme kikundi cha wakulima wa zabibu cha Hombolo kimetengenezewa tovuti. Mwenyekiti anaifungua kwenye Tecno yake, katibu kwenye kompyuta ya Windows ya ofisini, na kijana wa masoko anayeshinda mjini Dodoma ana iPhone. Kabla ya jioni fundi ameshapigiwa simu na wote watatu. Kwa mwenyekiti, menyu iliyokuwa mstari mmoja imegawanyika miwili. Kwa katibu, majina ya kata yameingiliwa na alama za ajabuajabu. Kwa kijana, kila akigusa kisanduku cha kujaza namba ya simu ukurasa wote unajikuza na kuhama mahali pake. Wakiulizwa, jibu lao ni moja: kivinjari kibovu.

Kivinjari kinasingiziwa. Katika malalamiko hayo matatu, ni la kijana tu linalotokana na tabia ya kivinjari chenyewe, na hata hilo lina dawa ya mstari mmoja. La mwenyekiti ni la fonti. La katibu ni la namna herufi zilivyohifadhiwa, na lilianza zamani kabla kivinjari chochote hakijaona ukurasa huo. Fundi asiyetenganisha mambo haya atashinda akibadilisha vipimo kwenye CSS, yale maagizo ya sura ya ukurasa, huku tatizo limekaa kwenye hifadhidata.

Vivinjari vyenyewe havitofautiani kama zamani. Majina ni mengi, injini, yaani sehemu ya ndani inayosoma na kuchora ukurasa, ni chache. Chrome, Opera ya kawaida, Samsung Internet na Edge, tangu ilipobadilishwa Januari 2020, zote zinatumia injini ya Blink. Firefox ina Gecko yake. Safari ina WebKit, na kwenye iPhone za huku kwetu hata ukiweka Chrome, chini ya jina hilo inafanya kazi WebKit ileile, kwa sababu Apple ilitaka hivyo na mlango ilioufungua mwaka 2024 ulikuwa wa Umoja wa Ulaya tu. Kwa hiyo anayesema "nimejaribu vivinjari vitano" huenda amejaribu injini mbili. Wa kumtenga ni Opera Mini, nami nitamrudia, maana kwa watu wanaohesabu bando bado ni kivinjari cha kweli.

Tuanze na katibu. Kiswahili kina bahati kubwa kwenye kompyuta: herufi zake zote zimo kwenye alfabeti ya kawaida kabisa, hazina vitone wala vikofia juu, hivyo hakuna fonti inayozikosa. Kinachotusumbua ni ritifaa, kile kialama kinachokaa kwenye ng'. Na katika mkoa huu wa Dodoma ritifaa haikwepeki. Kuna Ng'ambi kule Mpwapwa, na kuna Ng'hong'onha hapa mjini, jina ambalo kila mwanafunzi wa UDOM aliyewahi kutafuta chumba cha kupanga nje ya chuo analifahamu. Hilo lina ritifaa mbili kwa mpigo, na watu huliandika kwa namna kadhaa.

Kwa macho, ritifaa ni ritifaa. Kwa kompyuta kuna angalau tatu. Ya kwanza ni ile iliyonyooka, inayotoka moja kwa moja kwenye kibodi. Ya pili ni iliyopinda, ambayo Word huiweka yenyewe unapoandika, na iPhone nayo huiweka yenyewe tangu iOS 11. Ya tatu inafanana na ya pili lakini Unicode, orodha ya kimataifa ya herufi za kompyuta, inaihesabu kuwa herufi kamili, si alama ya uandishi. Ile iliyonyooka ni baiti moja, na namba yake ni ileile karibu kila mahali, kwa hiyo haidhuriki. Iliyopinda, ikihifadhiwa kwa UTF-8, utaratibu wa kisasa wa kuhifadhi herufi, ni baiti tatu: E2, 80, 99.

Hapo ndipo majina ya katibu yalipoharibikia. Ukurasa umehifadhiwa kwa UTF-8, lakini mahali fulani njiani mtu au mashine imetangaza kwamba ni Windows-1252, utaratibu wa zamani ambao kila baiti ni herufi moja. Kivinjari kinatii kilichoambiwa. E2 kinaisoma â, 80 kinaisoma €, 99 kinaisoma ™. Matokeo yake kata ile inaitwa Ngâ€™hongâ€™onha. Ikiwa kinyume, yaani faili ni Windows-1252 na tangazo ni UTF-8, unapata Ng�hong�onha, zile alama za kuuliza ndani ya almasi nyeusi. Ukishazijua sura hizi mbili huhitaji kubahatisha: ya kwanza inakwambia UTF-8 imesomwa kwa Windows-1252, ya pili inakwambia Windows-1252 imesomwa kwa UTF-8.

Na kwa nini katibu aone hivyo halafu mwenyekiti asione? Mara nyingi wote wanaona, ila mwenyekiti hakufungua ukurasa wa kata. Lakini inawezekana pia tangazo halipo kabisa, na kila kivinjari kikabahatisha kwa namna yake. Weka tangazo hilo, meta charset="utf-8", mapema kwenye faili, ndani ya baiti 1024 za mwanzo, kwa sababu huko ndiko kinakoangaliwa. Kisha hakikisha seva haisemi kitu kingine kwenye kichwa cha majibu yake, maana seva na ukurasa wakipingana, seva ndiyo inayosikilizwa. Nimeona watu wakiihariri ile meta mara kumi wakati tatizo ni mstari mmoja wa mipangilio ya seva.

Chanzo kingine ni Excel. Orodha ya kata, ya wanachama, ya bei za zabibu, zote huja kwenye Excel, na fundi huzihifadhi kama CSV, yaani maandishi matupu yaliyotenganishwa kwa koma, kisha huzipandisha kwenye hifadhidata. Excel ina aina kadhaa za CSV kwenye menyu yake. Zile zisizotaja UTF-8 ndizo zitakazokuletea almasi nyeusi. Notepad nayo, hadi Windows 10 toleo la 1903 la mwaka 2019, ilikuwa ikihifadhi kwa utaratibu wa zamani usipoiambia vinginevyo, na kompyuta za maofisini zenye Windows ya kabla ya hapo hazijaisha. Na hifadhidata ya MySQL kabla ya toleo la 8 ilianzishwa na latin1, utaratibu mwingine wa zamani, kama chaguo lake la kawaida, kwa hiyo tovuti iliyojengwa zamani na kuhamishwa seva mbili tatu inaweza kuwa imebeba uharibifu ndani ya data yenyewe. Ukifika huko, CSS haikusaidii, unasafisha data.

Kuna na mikasa midogo ya ritifaa ambayo haihusiani na baiti. Kichwa cha habari kinachosomeka Ng'ombe kimegeuzwa kuwa msimbo mara mbili: mara moja kilipohifadhiwa, mara ya pili kilipoonyeshwa, na PHP, lugha ya programu ya tovuti nyingi, ndiyo mtuhumiwa wa kawaida. Kwenye Python ukitumia title() kukuza herufi za mwanzo, unapata Ng'Hong'Onha, kwa sababu kila kinachofuata ritifaa huhesabiwa kuwa neno jipya. Na mtu akitafuta ng'ombe kwa ritifaa iliyonyooka kwenye tovuti iliyohifadhi iliyopinda, mfumo unaolinganisha alama kwa alama utamjibu kwamba hakuna kitu. Msimamo wangu ni huu: kwenye hifadhidata weka iliyonyooka peke yake, kila kinachoingia kigeuzwe kuwa hiyo, na anayependa uzuri wa iliyopinda aigeuze wakati wa kuonyesha.

Sasa menyu ya mwenyekiti. Fundi aliibuni kwenye laptopu ya Windows, na kwenye CSS akaandika fonti ya Calibri, kwa kuwa ndiyo aliyoizoea kwenye Word. CSS haibebi fonti. Inataja jina tu. Kivinjari kinaliuliza jina hilo kwenye kifaa, na kifaa kisipokuwa nalo kinakwenda kwenye jina linalofuata katika orodha, mpaka kifikie fonti ya kawaida ya mfumo. Calibri huja na Windows na Office. Kwenye Android haipo. Tecno ya mwenyekiti ikampa Roboto, ambayo herufi zake ni pana kuliko za Calibri kwa ukubwa uleule. Maneno sita ya menyu yaliyoenea sawasawa yakazidi kwa upana wa neno moja, na lile la mwisho, Mawasiliano, likaangukia chini.

Hata Arial, ambayo watu huiamini kuwa iko kila mahali, haipo kwenye Android. Ukiiomba, mfumo hukukabidhi fonti yake ya kawaida bila kukuambia lolote. Kwenye Linux utapewa aghalabu Liberation Sans, iliyochongwa makusudi ili upana wa herufi zake ulingane na wa Arial, kwa hiyo mistari haihami. iPhone na Mac zinayo Arial halisi. Ndiyo maana ukurasa mmoja unaweza kutulia kwenye vifaa vitatu na kuchachamaa kwenye cha nne, na hicho cha nne, kwa wasomaji wetu, ndicho chenye watu wengi.

Njia ni mbili, na kwa tovuti ndogo nyingi ninaipendelea ya kwanza ingawa haina mbwembwe. Andika system-ui kisha sans-serif, basi. Kila kifaa kitatumia fonti yake nzuri: Android Roboto, iPhone San Francisco, Windows Segoe UI. Sura hazitafanana, lakini kila msomaji ataona herufi alizozizoea, hakuna kinachopakuliwa, na bando lake linabaki. Sharti ni moja: mpangilio uwe na nafasi ya kupumua, usibane menyu mpaka pikseli ya mwisho.

Njia ya pili ni kuituma fonti pamoja na ukurasa. Wazo ni la zamani, lilikuwemo kwenye CSS2 ya mwaka 1998, ila lilikuja kushika kwa kweli baada ya Google Fonts kuanza mwaka 2010 na muundo wa WOFF wa faili za fonti kupitishwa na W3C, chombo cha viwango vya tovuti, mwaka 2012. Leo tumia WOFF2, iliyopitishwa 2018, na huhitaji muundo mwingine. Faili la fonti lenye herufi za lugha nyingi lina mamia ya kilobaiti. Ukikata ubaki na herufi za Kilatini za kawaida, ambazo Kiswahili chote kinatoshea humo, mara nyingi linashuka mpaka kilobaiti 20 hivi. Hakikisha tu kwamba kwenye kukata huko hukuiacha ritifaa iliyopinda. Ukiiacha, kivinjari kitaiazima kutoka fonti nyingine, na katikati ya Ng'ambi utaona kialama kinene au chembamba kisichohusiana na majirani zake.

Kama jina la kikundi linahitaji sura yake, chukua fonti moja, unene wa aina mbili. Usisahau ule mnene. Ukituma faili la herufi za kawaida tu halafu kwenye ukurasa ukaweka maneno ya kukoza, kivinjari kitajitungia unene wake kwa kuzivimbisha herufi nyembamba, na hapo injini zinatofautiana waziwazi. Andika pia font-display: swap. Bila hiyo, kwenye mtandao wa kusuasua, Chrome na Firefox huficha maandishi hadi sekunde tatu zikisubiri fonti ifike. Ukitoka Dodoma kwa basi kuelekea Singida unapita mahali ambapo sekunde tatu si kitu, na msomaji anatazama ukurasa mweupe wenye picha tu. Ukiwa na swap anasoma kwa fonti ya simu kwanza, kisha ile nzuri ikifika inachukua nafasi. Maandishi yatastuka kidogo wakati wa kubadilishana. Size-adjust inapunguza mstuko huo kwa kuifanya fonti ya muda ilingane ukubwa na ile inayosubiriwa.

Opera Mini, kwenye hali yake ya kubana data kupita kiasi, haitaki habari hizo kabisa. Ukurasa hutengenezwa kwanza kwenye seva za Opera, hukandamizwa, na kinacholetwa kwenye simu hakina fonti yako. Usipigane nayo. Angalia tu kwamba bila fonti yako tovuti bado inasomeka, hasa kama ulikuwa umetumia fonti ya vialama kuchora picha ya simu au bahasha: kwenye Opera Mini vialama hivyo hugeuka kuwa vibox vitupu. Andika neno "Simu" pembeni.

Vipimo ni eneo la mambo madogo mengi, na mengi yana tiba fupi. Ukurasa usio na meta ya viewport, mstari unaoiambia simu itumie upana wa kioo chake, hudhaniwa na simu kuwa wa kompyuta, wenye upana wa pikseli 980, kisha hupunguzwa wote hadi utoshee; herufi zinakuwa punje, na baadhi ya vivinjari hujaribu kukusaidia kwa kukuza aya fulani na kuziacha nyingine. Ukiona aya mbili za CSS moja zina ukubwa tofauti kwenye simu, chanzo aghalabu ni hicho. Weka viewport, na -webkit-text-size-adjust iwe asilimia 100 ili iPhone isikuze maandishi simu inapolazwa. Yule kijana wa masoko anasumbuliwa na jambo jingine: Safari ya iPhone huukuza ukurasa mtu anapogusa kisanduku ambacho maandishi yake ni chini ya pikseli 16. Na visanduku na vitufe, kwa kawaida yake, havirithi fonti ya ukurasa. Chrome huvipa pikseli 13 na ushei. Andika font: inherit kwenye input, button, select na textarea, hakikisha ukurasa una angalau 16, na kijana hatapiga simu tena kwa hilo.

Kuna kijambo cha kuchekesha kwenye monospace, fonti ya herufi zenye upana sawa. Ukiitaja peke yake, vivinjari huishusha kutoka pikseli 16 hadi 13, urithi wa zama za kale. Ukiitaja mara mbili, monospace, monospace, inarudi 16. Usiniulize mantiki.

Nafasi kati ya mistari inastahili neno zaidi, kwa kuwa ndiyo inayofanya kurasa mbili zionekane tofauti hata pale ambapo mtu hawezi kueleza tofauti ni ipi. Usipoitaja, kivinjari hutumia "normal", na normal haina namba moja. Inatoka ndani ya fonti yenyewe. Kwa Arial ni kama 1.15 ya ukubwa wa herufi, kwa Noto Sans kama 1.36. Kwa herufi za pikseli 16, aya ya mistari 20 inatofautiana karibu pikseli 68 kwa kubadili fonti tu. Tena baadhi ya fonti zina seti zaidi ya moja ya vipimo hivi ndani yake, Windows ikasoma hii na Mac ikasoma ile. Andika line-height: 1.5, namba tupu isiyo na kipimo, na mjadala umekwisha.

Kiswahili kinaongeza jambo lake hapa. Maneno yetu ni marefu: "watakaonufaika" kwenye safu nyembamba ya jedwali halikatiki, linatoboa ukingo. Wengine hutumaini hyphens: auto, ila hiyo inategemea kivinjari kuwa na kanuni za kukata maneno za lugha husika, na hata ikiwa nazo hazitaamka usipotangaza lang="sw". Tangaza lugha, kwa sababu nyingine pia: tovuti nyingi za Kiswahili zimeachwa na lang="en" iliyokuja na kiolezo, halafu mwenye tovuti anashangaa visomaji vya sauti vikiisoma kwa matamshi ya Kiingereza. Ila kwa ajili ya safu nyembamba tegemea overflow-wrap: anywhere, inayofanya kazi kwa lugha yoyote.

Ukisharekebisha yote hayo, bado herufi za Windows zitaonekana kali na nyembamba, za Mac zitaonekana zimejaa zaidi. Huo ni uchoraji. Windows huzivuta herufi zikae kwenye mistari ya pikseli ili ziwe bayana. Apple hulinda umbo la fonti hata kama kingo zitalainika. Android huchora kwenye vioo vyenye pikseli nyingi kiasi kwamba hutagundua. Kuna mstari wa CSS, -webkit-font-smoothing, ambao watu hunakiliana wakidhani unasawazisha. Unafanya kazi kwenye Mac tu, na kazi yake ni kuzikondesha herufi. Mteja akilalamika kuhusu hili, mweleze, usijaribu kulitibu. Vivyo hivyo kwa mzee aliyekuza maandishi kwenye mipangilio ya kivinjari chake: ameyakuza kwa sababu macho yake yanataka hivyo, na ukurasa unaomkatalia ndio wenye kasoro. Pima kwa rem, kipimo kinachofuata ukubwa wa maandishi aliouchagua msomaji, badala ya px ili matakwa yake yapite.

Kabla ya kubishana na yeyote kuhusu fonti, tazama iliyotumika kweli. Kwenye Firefox zana za wasanidi zina sehemu ya Fonts. Kwenye Chrome, chini kabisa ya Computed, huandikwa fonti iliyochorwa na idadi ya herufi ilizochora. Ukikuta fonti yako imechora herufi 412 na Roboto imechora mbili, zile mbili ni ritifaa zako.

Ipo dawa moja inayopendwa sana maofisini na ambayo inafanya tangazo lifanane kila mahali bila kosa: kulipiga picha. Barua inachapishwa, inagongwa muhuri, inaskaniwa, na JPEG ya megabaiti tatu inawekwa kwenye tovuti. Kweli inafanana kwa kila mtu. Pia haitafutiki, haisomeki na kisomaji cha sauti, mwenye simu ndogo anaisukuma kulia na kushoto kila mstari, na aliyeko Kondoa analipia megabaiti tatu kusoma maneno 150. Ikiwa sura ya barua ni lazima ibaki, kwa ajili ya muhuri au sahihi, weka PDF iliyopachikwa fonti zake ndani, itoke kwenye Word moja kwa moja na si kwenye skana, na juu yake uweke maneno yenyewe kama maandishi ya kawaida ya ukurasa.